Anajuaje Kwamba Ameelewa?

Hotuba kwa walimu kuhusu kuwafundisha wanafunzi kujikagua na kubadili namna wanavyosoma

Ndugu mwenyekiti, walimu wakuu mliopo, walimu wenzangu,

Asanteni kwa kunipa nafasi hii. Mada iliyoandikwa kwenye ratiba ni ndefu, nami nitaikata. Nina maswali mawili tu. Mwanafunzi anapofunga daftari lake na kusema "hii nimeshaielewa", anajuaje? Na akigundua kwamba kumbe hajaielewa, nani amemfundisha la kufanya baada ya hapo?

Nitoe msimamo wangu mapema, ili wasiokubaliana nami waanze kuandaa maswali. Kujikagua kusikozaa uamuzi hakumsaidii mwanafunzi kitu. Tena kunamchosha, na baada ya muda anaona kwamba hilo nalo ni zoezi la kumridhisha mwalimu. Mnazijua zile fomu za tafakuri. Mwisho wa wiki mwanafunzi anaulizwa: umejifunza nini, umefurahia nini, utaboresha nini? Anaandika "nitaongeza bidii". Mwalimu anaweka tiki na sahihi, faili linarudi kabatini, na Jumatatu mtoto anasoma vilevile alivyosoma Jumatatu iliyopita. Fomu imejaa, mambo yako palepale.

Na hiyo "nitaongeza bidii", mniwie radhi, mimi siipokei tena. Bidii ipi? Kwenye nini, lini, kwa njia gani? Mwanafunzi anayesoma kwa njia mbaya akiongeza bidii, ataongeza saa za kusoma kwa njia mbaya. Wapo wanaokesha, wanaopiga msuli mpaka macho yanawasha, na matokeo yakitoka wanalia kwa haki kabisa, maana bidii waliiweka.

Basi tuanze na swali la kwanza: anajuaje?

Mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani, John Flavell, akiwa na wenzake, aliwapa watoto vitu vya kukumbuka. Waliambiwa wajifunze mpaka wawe na hakika kwamba wataweza kuvitaja vyote, kisha waseme wako tayari. Watoto wakubwa walijifunza, wakasema wako tayari, na mara nyingi walikuwa tayari kweli. Wale wadogo kabisa nao walijifunza kwa muda, nao wakasema wako tayari. Mara nyingi hawakuwa. Na hawakuwa wanadanganya. Hakika walikuwa nayo, ila haikuwa na msingi.

Tungeweza kusema huo ni utoto, watakua. Lakini kazi ikiwa nzito kidogo kuliko kutaja orodha ya vitu, watu wazima nao huteleza. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Chuo Kikuu cha Washington kilichopo St. Louis, walichapisha jaribio walilolifanya na wanafunzi wa chuo. Kundi moja lilisoma kifungu cha habari katika vipindi vinne mfululizo. Kundi jingine lilikisoma katika kipindi kimoja tu, kisha katika vipindi vitatu vilivyobaki likaandika kila lilichokumbuka, kifungu kikiwa kimeondolewa. Waliopimwa baada ya dakika 5 walionyesha kwamba kusoma na kusoma tena ndiko bora: wasomaji walikumbuka asilimia 83 ya mambo, na waliojipima asilimia 71. Waliopimwa baada ya wiki moja walionyesha kinyume chake. Wasomaji walikuwa wamebaki na asilimia 40, na waliojipima 61.

Kuna sehemu ya jaribio hilo ambayo haisemwi sana, na kwangu ndiyo yenye uzito. Kabla ya kuondoka siku ile ya kwanza, wanafunzi waliulizwa wanadhani watakumbuka kiasi gani baada ya wiki. Waliojiamini zaidi ni wale waliosoma na kurudia kusoma.

Mnaona tatizo lilipo? Ukiisoma habari mara ya tatu, maneno yanateleza kama unayafahamu tangu zamani. Jicho linatangulia mstari. Wepesi huo wa kusoma ndio mwanafunzi anauhesabu kuwa ujuzi, na kwa kuwa umo kichwani mwake mwenyewe, hana sababu ya kuutilia shaka. Ni kama dereva ambaye geji yake ya mafuta inasoma "tangi limejaa" kila anapotazama. Hatasimama kituoni, na huwezi kumlaumu.

Nitaongeza jaribio moja la hesabu, kisha niachane na maabara. Doug Rohrer na Kelli Taylor, mwaka 2007, waliwafundisha wanafunzi wa chuo kutafuta ujazo wa maumbo manne wasiyoyazoea. Baadhi walifanya mazoezi ya umbo moja mpaka yakaisha, ndipo wakaenda umbo la pili. Wengine walipewa maswali ya maumbo yote yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, wale wa kwanza walipata asilimia 89, na waliochanganyiwa 60. Wiki moja baadaye, kwenye mtihani, wale wa asilimia 89 walipata 20. Waliochanganyiwa walipata 63.

Fikirini kwamba mwanafunzi wenu ni mmojawapo wa wale waliopata asilimia 89 mazoezini. Mmemwambia ajikague. Anatazama daftari: tiki, tiki, tiki. Anahitimisha kwamba njia yake ni nzuri na aendelee nayo. Amejikagua kwa uaminifu, na amepotea kwa uaminifu uleule. Ndiyo maana kumwambia mtoto "jitathmini" bila kumpa ushahidi wa kujitathmini nao ni kumtuma akaulize hisia zake, na hisia zake zitamjibu kwamba kusoma tena na kupigia mistari kwa kalamu za rangi kunatosha. John Dunlosky na wenzake walipokagua mbinu kumi za kusoma mwaka 2013, hizo mbili waliziweka kwenye kundi lenye manufaa madogo. Kujipima na kutawanya vipindi vya kusoma ndizo zilizopanda juu. Kwa mwanafunzi, hizo mbili za juu ndizo zinazokera. Ukijipima unakutana na usichokijua, na ukiacha siku mbili zipite unakuta umesahau. Nani anapenda hayo?

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ni kumtengenezea mwanafunzi nafasi ya kukutana na ukweli kabla ya mtihani haujakutana naye. Na hapa naomba nigombane kidogo na mazoea ya darasani. Dakika mbili kabla ya kengele, mwalimu anageuka: "Mmeelewa?" Darasa zima: "Ndiyoooo!" Sote tumeshiriki huo wimbo. Sasa hivi kuna mitindo mipya ya wimbo uleule, ya kuinua kidole gumba au kuchora uso unaotabasamu pembeni ya daftari. Kosa haliko kwenye kidole. Liko kwenye saa. Thomas Nelson na John Dunlosky walionyesha mwaka 1991 kwamba mtu akiulizwa kama atakikumbuka kitu mara tu baada ya kujifunza, ubashiri wake ni dhaifu; akiulizwa baada ya muda kupita, ubashiri unakuwa sahihi zaidi kwa kiasi kikubwa. Mwishoni mwa kipindi somo bado liko mdomoni. Kila mtu ameelewa.

Basi lisogezeni swali. Mwanzo wa kipindi kinachofuata, madaftari yakiwa yamefungwa, toeni maswali matatu ya somo lililopita. Kila mwanafunzi aandike jibu, na kando yake aandike namba: 3 kama ana hakika, 2 kama ana mashaka, 1 kama anabahatisha. Kisha mpitie majibu, kila mtu asahihishe ya kwake. Mwalimu asikusanye.

Hiyo namba ya kando inaonekana kama kitu cha kuchezea, lakini ndiyo roho ya zoezi. Mwenye 3 na jibu sahihi aendelee na mambo mengine. Mwenye 1 na jibu sahihi amebahatisha, asijidanganye. Na yule mwenye 3 na jibu lisilo sahihi, huyo ndiye wa kumtazama. Brady Butterfield na Janet Metcalfe waligundua, katika kazi waliyoichapisha mwaka 2001, jambo ambalo wengi hawalitarajii: makosa ambayo mtu aliyafanya kwa kujiamini sana ndiyo yanayorekebishika kwa urahisi zaidi akionyeshwa jibu sahihi. Anashtuka, na mshtuko unamfanya asikilize. Lakini ashtuke vipi kama hakuwahi kuandika kwamba alikuwa na hakika? Mwanafunzi asiyeandika huwa anasema moyoni, "aa, hata hivyo nilikuwa najua." Namba inamnyima njia hiyo ya kutokea.

Sasa nije kwenye karatasi iliyosahihishwa, maana hapo ndipo mahali penye utajiri ambao tunautupa kila muhula.

Chukueni karatasi ya aljebra. Mwanafunzi amerudishiwa, ameambiwa apitie makosa yake na aandike sababu. Kwenye swali la 4, aliambiwa arahisishe 5 − 2(x − 3), naye akaandika 5 − 2x − 6. Pembeni ameandika sababu: "sikuwa makini". Swali la 7 ni 7 − (x − 1), na jibu lake ni 7 − x − 1. Sababu: "haraka". Swali la 11 ni −3(y − 2). Ameandika −3y − 6. Sababu: "sikuwa makini" tena. Azimio lake, chini kabisa ya ukurasa: "Nitakuwa makini zaidi."

Msomaji wa haraka atasema huyu mtoto amejikagua vizuri, kila kosa amelipa sababu. Lakini tazameni alichokipata. Swali la 5 ni 4(x + 2), amepata. Swali la 9 ni 9 − 2(x + 1), ameandika 9 − 2x − 2, na amepata. Mkono uliokosa umakini haungekosa umakini mahali palepale mara tatu na kuwa makini kila mahali pengine. Anapokutana na alama ya kutoa nje ya mabano na nyingine ndani ya mabano, anaiacha ile ya ndani kama ilivyo. Hiyo ni kanuni anayoifuata, anaifuata kila mara, na ni kanuni isiyo sahihi. Umakini hautamsaidia, akiwa makini zaidi ataikosea kwa mwandiko mzuri zaidi.

Kumfundisha mtoto kujikagua ni kumkalisha na karatasi hiyo na kumzuia asikimbilie "sikuwa makini". Swali la kumuuliza ni rahisi: haya makosa matatu yanafanana wapi? Na la pili, ambalo wengi hatuliulizi: yanatofautiana wapi na haya uliyoyapata? Mpe dakika tano na kalamu. Mara nyingi ataliona mwenyewe, na ukimya wake utakuonyesha kwamba ameliona.

Akishaliona, kazi haijaisha, ndipo inaanza. Anahitaji kitu cha kumwambia kama amepona, bila kukungoja wewe. Mwonyeshe hivi: weka x iwe 4. Swali la mwanzo, 5 − 2(x − 3), linatoa 3. Jibu lako, 5 − 2x − 6, linatoa −9. Hayawezi kuwa kitu kimoja. Jaribu 5 − 2x + 6: ni 3. Kuanzia leo, kila ukifungua mabano, weka namba uone. Sasa huyo mtoto ana kipimo mfukoni, na kipimo hicho hakijali kama anajisikia ameelewa au hajaelewa. Uamuzi wake unaandikika kwa sentensi mbili: "Jumanne na Alhamisi nitafanya maswali sita ya mabano yaliyochanganywa, bila kutazama mfano. Nitayakagua kwa kuweka namba, na nikikosa zaidi ya moja nitamuuliza mwenzangu anionyeshe hatua." Linganisheni hilo na "nitaongeza bidii".

Katika masomo ya lugha ni hivyohivyo, ingawa alama za kuonyesha hazionekani haraka kama kwenye hesabu. Mwanafunzi mwenye insha tatu zilizosahihishwa aziweke mezani kwa pamoja, asome maoni ya mwalimu peke yake bila kusoma insha, na atafute maoni yaliyojirudia. Akikuta "hoja haina mfano" kwenye zote tatu, ameshapata la kufanyia kazi kwenye insha ya nne, na nafasi ya kulifanyia kazi ni kabla ya kuikusanya. Insha moja moja haimwambii hilo. Ndiyo sababu sipendi karatasi za wanafunzi zinazokwenda nyumbani na kupotea. Ziwekwe mahali ambapo mwanafunzi anaweza kuzifikia.

Kuna kikwazo kimoja, nacho tumekiweka wenyewe. Alama. Ruth Butler, mwaka 1988, alichapisha utafiti wa wanafunzi wa darasa la tano na la sita. Baadhi walirudishiwa kazi zenye maoni tu, baadhi zenye alama tu, baadhi zenye vyote viwili. Waliopewa maoni tu walifanya vizuri zaidi baadaye, na hamu yao ya kazi ilibaki. Tungetegemea waliopewa vyote viwili wapate faida ya maoni pia. Hawakuipata, walijikuta karibu na wale wa alama tu. Mtoto akishaona 11 juu ya 20, anageuka kuangalia mwenzake amepata ngapi. Maoni uliyoyaandika hadi usiku wa manane yanabaki kuwa mapambo ya wino mwekundu.

Sisemi tufute alama. Shule ina ripoti, wazazi wanauliza, na wana haki ya kuuliza. Nasema ziandikwe kwenye kitabu cha mwalimu, na karatasi irudi siku ya kwanza ikiwa na maoni peke yake. Mwanafunzi aifanyie kazi, atafute makosa yanayofanana, aandike uamuzi wake. Alama atapewa kipindi kinachofuata. Kwenye siku ya kwanza mtalalamikiwa sana, jiandaeni.

Na hili liendane nalo: msitoe alama kwa kujitathmini. Nimeona shule zinazoweka alama tano za "tafakuri" kwenye kila kazi. Matokeo yake mtoto anajifunza kuandika udhaifu unaovutia, ule ambao mwalimu anapenda kuusoma, na udhaifu wenyewe anauficha. Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Sisi tusimlipe mtoto kwa kuyaficha. Daftari la makosa liwe la mwanafunzi. Mwalimu aliombe kama mgeni, si kama mkaguzi. Na kama darasani mtu akikosea anachekwa, acheni haya yote niliyoyasema mpaka mmalize hilo la kuchekwa, kwa sababu hakuna mtoto atakayeandika 1 kando ya jibu asilolijua vizuri huku jirani anachungulia.

Nimezungumzia kujikagua baada ya kazi. Kuna upande wa kabla, na huo unapuuzwa zaidi. Patricia Chen na wenzake walichapisha mwaka 2017 jaribio la wanafunzi wa chuo waliokuwa wakisoma takwimu. Kabla ya mtihani, wote walikumbushwa kwamba mtihani unakuja. Sehemu yao waliongezewa zoezi fupi: unadhani mtihani utauliza nini? Kati ya nyenzo ulizonazo, kama kitabu, mazoezi, mihadhara, kumwona mwalimu, utatumia zipi? Kila moja itakusaidiaje? Utaitumia lini na wapi? Waliofanya zoezi hilo walimaliza kozi wakiwa na wastani wa juu kwa takriban theluthi moja ya daraja. Hawakupewa kitabu kipya wala mwalimu wa ziada. Waliulizwa maswali ambayo kwa kawaida mwanafunzi hajiulizi. Anafungua tu ukurasa wa kwanza wa daftari na kuanza kusoma mpaka usingizi umshike.

Swali la "kwa nini njia hii" ndilo ningependa mlibebe. Mwanafunzi akikwambia atasoma sura ya tatu, muulize: kusoma kutakusaidia kufanya nini siku ya mtihani? Kama mtihani utamtaka aeleze mzunguko wa damu, basi aueleze leo, kwa sauti, kitabu kimefungwa. Kama utamtaka achore, achore. Kujua kulinganisha njia na kazi ndiko kubadili ujifunzaji kwenyewe, na hapa nitoke pembeni kidogo: achaneni na yale maswali ya kuwapanga watoto kuwa "wa kuona", "wa kusikia" na "wa kugusa". Harold Pashler na wenzake walikagua ushahidi wake mwaka 2008, na hawakukuta msingi wa kutosha wa kufundisha kwa kufuata makundi hayo. Ubaya wake kwa mada yetu ni kwamba yanampa mtoto sababu ya kutobadilika. "Mimi ni mtu wa kuona, kuandika si njia yangu." Kumbe kazi iliyo mbele yake inataka kuandika.

Najua kuna mwalimu hapa anasema moyoni: hayo ni ya wanafunzi wa chuo, wangu ni wadogo na wengine hata kusoma ni shida. Hoja hiyo ni ya haki. Annemarie Palincsar na Ann Brown, mwaka 1984, walifanya kazi na wanafunzi wa darasa la saba walioweza kutamka maneno ya kitabu lakini hawakuelewa walichosoma. Wanafunzi wa aina hiyo kwa kawaida tunawaongezea mazoezi ya kutamka. Wao waliwapa uongozi. Kwa zamu, mtoto aliongoza wenzake: aulize swali juu ya aya, aifupishe, afafanue palipokuwa na utata, abashiri kinachofuata. Mwanzoni mwalimu ndiye aliyefanya yote, kwa sauti, akionyesha. Kisha akaachia kidogo kidogo. Watoto wale walipanda sana katika ufahamu. Mtu hawezi kufupisha aya asiyoielewa, hivyo kila muhtasari ulikuwa kipimo, na kila kipimo kilikuja wakati bado kuna nafasi ya kurudi nyuma na kusoma tena.

Hapo kwenye "kwa sauti" naomba mpashike. Wanafunzi wetu wanatuona tukijua tu. Hawatuoni tukikwama. Mwalimu anayefanya swali ubaoni kwa mstari ulionyooka anafundisha jibu. Akisimama katikati na kusema "ngoja, hili jibu ni kubwa mno, kwa kuwa nilikadiria liwe chini ya mia, nirudi mstari wa pili niangalie", anafundisha kujikagua. Inachukua nusu dakika, na haihitaji fomu.

Muda. Najua ndilo swali la kwanza litakaloulizwa, basi nilijibu kabisa. Mtaala ni mrefu, vipindi ni vichache. Maswali matatu mwanzoni mwa kipindi yanakula dakika saba au nane. Kupitia karatasi iliyosahihishwa, kwa namna niliyoieleza, kunakula kipindi kizima. Sitawaambia kwamba muda huo utarudi wenyewe. Kuna kitu itabidi kipungue, na mimi ningepunguza maswali ya kazi ya nyumbani. Badala ya maswali 20 yaleyale kwa darasa zima, toeni kumi kwa wote, na mengine matano mwanafunzi achague mwenyewe kutoka mada alizozikosa, na aandike kwa nini amechagua hayo. Kama hakuna mahali ambapo mwanafunzi anaruhusiwa kuchagua la kufanya, basi hata akijikagua vizuri namna gani, hana pa kuupeleka uamuzi wake.

Anzeni na darasa moja, somo moja. Wakuu wa shule, tafadhali msiigeuze kuwa fomu ya shule nzima wiki ijayo.

Kabla ya maswali, mbele yenu kuna karatasi tupu. Andikeni jaribio la mwisho mlilosahihisha. Chini yake, kosa moja mlilolikuta kwa wanafunzi wengi. Chini yake tena, uamuzi mmoja ambao wanafunzi wenu waliachiwa waufanye wenyewe baada ya kurudishiwa karatasi hizo. Kama mstari huo wa tatu hauna cha kuandikwa, uacheni wazi. Mna dakika kumi, kisha mgeukieni jirani mwonyeshane, na tutaanza majadiliano na wale ambao mstari wao wa tatu una kitu.